Barua kwa shoga yangu: kile kisanduku cha koridoni

Leicester,
18 Novemba

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaingia, saa kumi na nusu jioni giza limetanda. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu ndani ya basi. Huyo mwanafunzi wako aliyeanguka uwanjani akazinduka mwenyewe, namshukuru Mungu yu hai. Lakini nakuomba, msiseme "ni jua tu" mkaishia hapo. Mtoto anayezimia katikati ya mbio apelekwe hospitali akapimwe umeme wa moyo. Mwambie mama yake asingoje aanguke tena.

Umeniuliza kama kweli kila shule ya serikali huku ina mashine ya kushtua moyo. Ya kwetu naijua vizuri, mimi ndiye ninayeikagua. Kila Jumatatu kabla sijawasha majiko napita koridoni, karibu na ukumbi wa michezo, natazama kisanduku ukutani. Mna kitaa kidogo cha kijani; kikipepesa, betri ni nzima. Halafu nasoma tarehe kwenye pakiti ya pedi mbili za kubandika kifuani, maana ute wake hukauka, na pedi kavu haishiki ngozi. Naweka sahihi daftarini, nakwenda kumenya viazi. Siku niliyokabidhiwa kazi hii niliogopa kwamba nikikosea nitaua mtu. Kumbe mashine yenyewe inazungumza: vua nguo kifuani, bandika pedi, msimguse. Inausoma moyo, na kama mshtuko hautakiwi, haitoi hata ukibonyeza namna gani.

Watu wengi hudhani inafufua moyo uliotulia kabisa. Sivyo. Moyo unaotibiwa na mashine hii unatetemeka ovyo, hausukumi damu. Mshtuko unaukatiza ule mtetemo ili moyo ushike tena mapigo yake. Na kila dakika ikipita bila mtu kusukuma kifua wala kuleta mashine, nafasi ya kupona inapungua kwa karibu asilimia 10. Hesabu mwenyewe gari la wagonjwa litachukua dakika ngapi.

Nikueleze zilivyofika shuleni, maana hazikuja hivihivi. Tarehe 2 Machi 2011, huko Liverpool, mtoto wa miaka 12 aitwaye Oliver King alikuwa kwenye mashindano ya kuogelea shuleni kwao. Moyo ukasimama. Alikuwa na hitilafu ya mapigo ambayo hakuna aliyeijua. Baba yake, Mark King, tangu hapo hakunyamaza, akizunguka na kubisha milango ya wabunge na mawaziri mwaka baada ya mwaka. Ilikuwa Julai 2022 ndipo serikali ilipotangaza kwamba itanunua mashine kwa kila shule ya umma ya England isiyokuwa nayo. Zikasambazwa zaidi ya 20,000 katika shule karibu 18,000. Miaka 11 na ushee kwa baba mmoja kupata jibu! Mimi nina mtoto wa umri huohuo, na kila nikifungua kile kisanduku namfikiria yule mzazi.

Kabla ya hapo shule ilijitegemea. Mashine moja ni pauni 1,000 hivi. Wazazi walichangishana, wakaoka keki wakauza getini. Mtaa wa wenye nacho walimaliza kwa Jumamosi mbili. Sisi, ambao watoto wengi wanakula chakula cha bure, tungeoka keki hadi lini? Ndiyo maana nasema bila kuyumba kwamba hii ni kazi ya fedha za kodi, kama maji na choo. Kinachoniuma ni kwamba pedi na betri mpya shule inajinunulia. Mwaka jana zetu ziliisha muda, na ikachukua wiki tatu kupatikana hela ya kununua nyingine. Wiki tatu kile kitaa kinapepesa kijani, na mimi najua pedi zilizomo zimepita tarehe.

Sasa kwa upande wako. Unamkumbuka Fabrice Muamba, yule mzaliwa wa Kinshasa aliyeanguka uwanjani London mwaka 2012 akichezea Bolton? Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, na leo anatembea. Mashine ilitumika, ndiyo, lakini kifua chake kilisukumwa bila kuachwa muda wote ule. Kwa hiyo msianze na harambee ya mashine. Anzeni na mikono. Mwombe muuguzi wa zahanati aje Jumamosi moja awafundishe walimu na vidato vya juu: katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Haigharimu kitu zaidi ya soda yake.

Halafu muiandikie halmashauri, na barua iwe na sahihi za wazazi. Mashine ikija, isifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu; siku ya siku ufunguo utakuwa mkutanoni naye. Na tangu mwanzo waulizeni pedi zitanunuliwa na nani.

Nimekurekodia hatua za kusukuma kifua kwa Kiswahili, dakika nne, nitakutumia leo usiku. Nijibu huyo kijana amepimwa lini.

Wako,
Mama Zuhura