Waandishi wa tamthilia ya mauaji, kile kifungo cha nguo mlikipeleka wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walioandika ile tamthilia ya mauaji iliyokuwa ikirushwa Jumapili usiku na kumalizika wiki iliyopita. Jina lake siliandiki, wahusika wanajijua na watazamaji wanaijua. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, na kibandani kwangu kuna runinga. Jumapili palikuwa panajaa: kina mama wa nyanya waliokwisha kufunga meza zao, vijana wa bodaboda, na mteja wangu mmoja wa Chang'ombe aliyekuwa akipanga kufuata nguo zake saa hiyo hiyo makusudi. Tuliipenda kwa sababu ilikuwa ya kwetu. Tajiri mwenye shamba la zabibu upande wa Hombolo anakutwa amekufa ghalani, msimu wa mavuno. Mizabibu tuliijua, vumbi tulilijua, hata lafudhi ya mlinzi ilikuwa ya Kigogo kweli.

Sasa nizungumzie kifungo. Katika sehemu ya kwanza, kamera ilitulia juu ya kiganja cha marehemu, na ndani yake mlikuwa na kifungo cha kahawia chenye matundu manne, uzi wa bluu umepitishwa msalaba, na kipande cha kitambaa kimeng'oka nacho. Fundi yeyote angeshtuka. Kifungo cha mashine mara nyingi uzi hufumuka, kikadondoka kikavu. Kile kilikuwa kimeshonwa kwa mkono, kikazungushiwa uzi shingoni, na aliyekivuta alikivuta akipigania roho yake. Sehemu ya tano, shemeji wa marehemu anaingia msibani amevaa koti. Vifungo vitatu vimeshonwa msalaba, cha nne kimeshonwa mistari miwili sambamba, na uzi wake ni mweusi. Niliwasimamisha wote kibandani nikawaonyesha kwamba hicho cha nne kilishonwa upya. Mpiga picha alikuwa amekikaribia kile kifungo, kwa hiyo haikuwa bahati mbaya. Mtu aliyeandika pale alikuwa na akili, nami nilimheshimu.

Baada ya hapo kifungo hakikutajwa tena. Si na inspekta, si mahakamani, si popote.

Badala yake, sehemu ya mwisho kaibuka pacha. Dereva wa marehemu, aliyekuwa rumande, kumbe ana pacha wa kufanana naye aliyeishi Zambia miaka yote, na huyo ndiye muuaji. Hakuna aliyewahi kumtaja, hata mama yao mzazi aliyetoa ushahidi. Hili ni changa la macho. Na kibaya zaidi, linapingana na kilichomweka dereva rumande, yaani alama zake za vidole kwenye tochi. Mapacha wa kufanana wanaweza kuwachanganya wataalamu wa vinasaba, lakini alama za vidole hazifanani, kwa kuwa hujiunda mtoto akiwa tumboni na kila mmoja hutoka na zake. Inspekta alisema mbele yetu kwamba alama za kwenye tochi ni za dereva. Basi pacha wa Zambia aliishikaje tochi ile akaacha alama za nduguye? Kijana wa bodaboda aliniuliza swali hilo kabla hata majina ya waigizaji hayajamaliza kupita, nikakosa cha kumjibu.

Sikatai hadithi kugeuka. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa riwaya ambayo muuaji ni yule yule anayetusimulia, na baadhi ya wasomaji wakalalamika. Lakini ukirudi nyuma ukasoma upya, unakuta alikuachia alama zote, wewe ndiye ulizipita. Miaka mitatu baadaye padre mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi. Ya kwanza inasema mhalifu awe ametajwa mapema. Ya kumi inasema pacha asiletwe kama msomaji hakuandaliwa. Yaani hila hii ilishachosha watu mwaka 1929!

Wala hatuhitaji kwenda Uingereza. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alituletea mpelelezi Bwana Msa katika riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake anapokufumbulia fumbo, anakufumbulia kwa vitu ambavyo nawe ulikwisha kuviona. Hicho ndicho kinachomfanya mtu arudie kitabu. Tamthilia hii nani ataitazama mara ya pili? Ukijua kwamba ni pacha, msiba wote, koti lote, ugomvi wote wa hati za shamba, vinakuwa havina kazi.

Wamarekani nao walifanyiwa hivi mwaka 1986, pale tamthilia yao ya runinga iitwayo Dallas ilipofuta msimu mzima ikasema ilikuwa ndoto ya mhusika mmoja. Watu wanaulalamikia mpaka leo.

Tumesikia msimu wa pili unakuja. Naomba safari hii muandike sehemu ya mwisho kwanza, mjue muuaji ni nani kabla kamera haijawashwa, na kama mnaona watazamaji wamemgundua mapema, mwacheni huyo huyo. Sisi hapa tulikuwa na hamu ya kumwona shemeji akikamatwa ili tujue tulikuwa sahihi, na hiyo ni raha kubwa kuliko kushtushwa. Pia mtuambie dereva alitoka rumande au hakutoka, maana sehemu ya mwisho hamkumwonyesha kabisa, na kwa alama zile za vidole sioni hakimu angemwachiaje.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma.