Usimnyooshe kichwa

Tanga, Ngamiani, Barabara ya 9

Shoga yangu wa Bagamoyo,

Salama hapo Dunda? Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa gengeni nikaona hapana, hii ya kuisikiliza nimekaa. Nakujibu kwa maandishi maana nikirekodi huyu mwanangu atadakia tu, na pikipiki na muuza kahawa wote utawasikia humohumo. Kwahiyo tulia usome, ndefu kidogo.

Kabla sijasahau, acha kumnyoosha binti yako kichwa. Umesema akiangalia TV anageuza shingo upande kama kuku na wewe unamrudisha, na akileta daftari puani unamvuta mkono. Sikulaumu, hata mie ningefanya hivohivo zamani. Lakini watoto wenye ualbino kama huyo wako macho yao yanachezacheza yenyewe, sasa kuna upande akigeuzia kichwa ule mchezo unapungua, macho yanatulia, hapo ndo anaona afadhali. Kaugundua mwenyewe huo upande hakufundishwa na mtu, alafu wewe mamake unamtoa! Na kitabu kukileta puani hakuharibu jicho, anakuza maandishi tu kama wewe unavyokuza picha kwenye simu kwa vidole viwili.

Maana hiyo "usimchoshe macho yatakwisha" mie nimeishi nayo humu ndani, mama mkwe alikuwa anaisema asubuhi na jioni, utadhani macho ya mtoto ni betri za tochi. Nikawa namuona mshamba, kumbe hata Wazungu waliamini hivohivo, Uingereza na Marekani walikuwa na madarasa ya watoto wenye uoni mdogo, wanapunguziwa kusoma eti macho yasiishe. Mpaka 1964 huko Marekani mwalimu mmoja Natalie Barraga akatoa utafiti wake, alichukua watoto waliohesabika hawaoni ila wana uoni kidogo uliobaki, akawafanyisha mazoezi ya kuutumia huohuo. Mwisho walipopimwa namba ya macho haikuonyesha mabadiliko ya maana, ila kutumia macho kukapanda, vitu walivyokuwa hawavitambui sasa wanavitambua.

Hapo kwenye namba ndo nataka tukae.

Huyu wangu unajua alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Zahanati ya kwanza wakaniambia asubiri akue kwanza, nikasubiri kama mjinga, kafika miaka 3 ndo kapasuliwa Dar. Nikajua bandeji ikitoka ataniangalia usoni na mie nilie kama kwenye filamu, nilishaandaa na kitambaa. Bandeji ikatoka, mtoto anaangalia ukutani. Daktari akanambia mama jicho tumelisafisha ila ubongo wake haujajifunza kuona, ulitakiwa uanze tangu mchanga. Akanipa na habari ya maprofesa wawili, Hubel na Wiesel, walimziba paka mchanga jicho moja miezi ya mwanzo, walipolifungua jicho lenyewe zima lakini paka halimsaidii, ubongo ulishazoea kutegemea lile jingine. Wakapewa Nobel 1981 kwa kazi hizo za macho na ubongo. Mie nilimuonea huruma paka, lakini nilielewa.

Kwenye karatasi wakaandika 6/60 na miwani juu. Yaani kitu ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60, huyu mpaka asogee mita 6.

Basi tukaanza mazoezi na mwalimu wa elimu maalumu, na kazi kubwa ni hapa nyumbani wala haina vifaa vya ajabu. Nilitandika sakafuni buibui la zamani la mama mkwe (ndiyo, la huyohuyo wa betri), jeusi tii, nikawa naviringisha chungwa la Muheza lile lililoiva la njano taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Wiki ya kwanza chungwa linapita mpaka limguse goti ndo anashtuka. Na kosa langu lilikuwa mdomo, nasema angalia baba, hilo hapo, linakuja, mwalimu akanambia mama nyamaza, ukiongea anahamia kwenye masikio macho anayaacha. Nyamaza usubiri, ukidhani umesubiri vya kutosha ongeza tena. Siku ya kwanza macho yake yalipolisindikiza lile chungwa mpaka mwisho wa nguo nilishindwa hata kumpongeza, nilikaa tu kimya pale chini.

Ikawa kufuata chungwa, alafu kuhamisha macho kati ya vitu viwili, alafu kutafuta kijiko katikati ya vitu vitatu vinne, na kutafuta kwenyewe kuna utaratibu, aanze kushoto aende kulia, ashuke mstari wa chini, kama mtu anafyeka uwanja. Dakika kumi tu, akianza kupiga miayo na kujifikicha nafunga duka, jioni tunarudia. Na dirisha liwe mgongoni kwake, kwa binti yako hili ni zaidi maana mwanga unamuumiza, kofia yenye ukingo asiivue hata barazani.

Miezi nane tukarudi kupima. 6/60. Namba ileile! Baba watoto akafura, nauli yote hii mtoto yupo palepale, nami sikuwa na la kumjibu. Kumbe jibu likaja mezani. Sahani tulishabadili nikanunua nyeusi, wali mweupe unaonekana, siku hiyo dagaa, wanang'aa kwenye ule weusi. Mtoto kainamia sahani miwani karibu ichovye mchuzi, akamnyanyua mmoja akasema, "Baba, huyu hana kichwa." Baba mtu akamchukua yule dagaa akamwangalia kwa muda mrefu, kweli hana kichwa. Ya nauli hajaisema tena.

Sasa hilo la kuambiwa binti aanze nukta nundu, yale maandishi ya vidoti ya kusoma kwa vidole, moja kwa moja kwa sababu kaandikiwa uoni hafifu, mie sikubaliani mpaka apimwe kwanza vizuri anachokiona, apewe miwani kama inamfaa, na zile lenzi za kukuzia ajaribu. Nukta nundu si mbaya, kuna watakaoihitaji kweli. Lakini mwalimu wetu kanichekesha, anasema wapo watoto wenye ualbino wamefundishwa nundu wakawa wanazisoma kwa macho, kainamia karatasi anahesabu vidoti! Kama anakiona kidoti hicho cheupe juu ya karatasi nyeupe, herufi nyeusi kubwa zinamshindaje?

Mlete likizo, mkae wiki, twende wote kwa mwalimu. Njoo na miwani yake hata ile iliyokatika mkono, na daftari lake la shule nione anavyoandika. Midoli ya kuwakawaka taa na muziki usinunue, inamchanganya tu, chungwa ninalo. Basi la asubuhi mkipitia Msata, kateni siti za kushoto, jua linakuwa kulia mpaka karibu na Segera.

Nakusubiri,
Shoga yako