Mkimsifu daktari wa upasuaji, msisifie kukosa usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nimesoma makala yenu ya kumuaga yule daktari bingwa wa upasuaji aliyestaafu, nimeipenda kwakweli, ila kuna sentensi imenikaa rohoni mpaka nikaona bora niandike, ile mliyosema kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuchukua likizo na bado alikuwa baba bora. Mimi ni mtoto wa daktari wa upasuaji. Hayo mambo mawili hayakai pamoja hivihivi tu mhariri, kuna mtu alibeba mzigo, na mara nyingi ni mke, watoto na mwili wa daktari mwenyewe.

Simsemi vibaya mzee wangu, alitupenda na hilo halina ubishi. Akiwa nyumbani jioni anakaa na sisi tukifanya homuweki, uzi wa kushonea kaufunga kwenye mguu wa kiti, anapiga mafundo kwa mkono mmoja, wa kushoto, halafu wa kulia, haangalii hata, huku anamsikiliza mdogo wangu anasoma kwa sauti, na dogo akiruka neno baba anasema "rudia hapo" na vidole havisimami. Simu iko mezani kioo juu. Ikilia anasimama, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi, na hakuna aliyemlaumu maana upande wa pili kuna mtu anavuja damu. Sasa mtoto wa miaka saba atashindana vipi na mtu anayevuja damu? Hawezi, na mama pia hawezi, na daktari mwenye moyo ndo kabisa hawezi, ndo maana nasema huu uamuzi usiachiwe familia moja iuamue yenyewe kila usiku mezani.

Halafu watu wanadhani operesheni ikiisha imeisha. Mzee akiwa ameunga utumbo wa mtu, kuanzia kama siku ya tano mpaka ya saba hakuwa mtu wa maneno mengi, kwasababu ndo siku ambazo pale palipoungwa pakitaka kuvuja mara nyingi huvuja, na mgonjwa aliyekuwa anacheka jana leo ana homa na tumbo gumu. Tulikuwa tunajua wodini kuna mtu yuko siku ya sita kwa jinsi tu baba anavyoshika kijiko. Yupo nyumbani lakini hayupo, na hapo hata simu haijalia.

Najua wengi watasema ndo asili ya kazi. Mi nakataa, huu ni utaratibu uliowekwa na watu. Sehemu kubwa ya namna wapasuaji wanavyofundishwa mpaka leo inatokana na William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wanaosomea ubingwa wakawa wanaishi hukohuko hospitalini, kazi usiku na mchana, na ndoa ilionekana kama kikwazo. Na Halsted mwenyewe aliyejaribu kokeini kama dawa ya ganzi miaka ya 1880 akaishia kuwa mtumwa wake, baadaye mofini. Alikuwa mpasuaji mkubwa mno, simwondolei sifa. Lakini ratiba za aina ile tunazichukulia kama zimeshuka kutoka mbinguni! Na huyohuyo ndiye aliyeomba kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira kwa ajili ya nesi wake, Caroline Hampton, ambaye mikono ilikuwa inababuka kwa dawa ya kuua vijidudu, na mwaka 1890 wakaoana. Yani glavu ambazo leo hakuna operesheni bila hizo, kwake zilianza kwa kumjali mtu mmoja wa karibu. Kwahiyo msiniambie mapenzi na chumba cha upasuaji ni maadui.

Mambo yalianza kubadilika baada ya binti wa miaka 18, Libby Zion, kufariki hospitalini New York mwaka 1984 akihudumiwa na madaktari vijana waliokuwa na zamu ndefu sana, familia yake ikapigania mpaka jimbo likaweka kikomo cha masaa 80 kwa wiki, na 2003 kikawa cha Marekani nzima kwa madaktari walioko mafunzoni. Ulaya wameshuka mpaka wastani wa masaa 48. Wapasuaji wengi walipinga, wakisema mgonjwa anapitishwa mkono kwa mkono na kijana hapati operesheni za kutosha, na hoja yao si ya kudharau. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa Marekani kwa wanaosomea upasuaji, wakalinganisha ratiba yenye kikomo kikali cha urefu wa zamu na ratiba ambayo kikomo hicho kimelegezwa, yani daktari anaruhusiwa kukaa zamu ndefu zaidi, na wagonjwa wa ratiba iliyolegezwa hawakuonekana kudhurika zaidi. Sawa, nakubali. Ila madaktari wa upande uliolegezwa ndio waliosema zaidi kwamba muda wao na familia umeumia. Mimi hapo ndo nasimama, hata kama mgonjwa yuko salama, kuna nyumba imeumia, na nyumba hiyo haiandikwi kwenye faili lolote.

Na mzizi wake ni uchache. Ripoti ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2015 ilisema watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoumudu kwa wakati. Bilioni 5! Ndo maana daktari anaitwa hata siku ambayo si zamu yake, hakuna wa pili, au yupo ila hakuna mtaalamu wa usingizi, au nesi wa thieta ni yuleyule tangu asubuhi. Mkimsifia kwamba hakuchukua likizo mnawapunguzia presha wale waliotakiwa kuajiri mtu wa pili, na yule kijana anayeanza ubingwa leo anasoma gazeti lenu anaona akiomba ruhusa kumpeleka mkewe kujifungua atakuwa mzembe.

Kwahiyo ombi langu mhariri, mkimhoji daktari mwingine wa upasuaji, muulizeni zamu kwao zinapangwaje, lini mara ya mwisho alilala usiku mzima simu ikiwa imezimwa, na akiumwa yeye nani anaingia thieta. Majibu myachape hivyohivyo pamoja na jina la cheo cha anayepanga hizo zamu. Halafu mwombeni ruhusa muongee na mwenzake wa nyumbani, mpeni ukurasa mzima, maana mama yangu miaka yote ile hakuna mwandishi aliyewahi kumuuliza kitu.

Mtoto wa daktari, msomaji wenu