Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: bei zibandikwe wodi ya njiti

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati akiwa na gramu 1,150, akalazwa siku 34 katika hospitali moja ya mkoa wako. Leo ananyonya vizuri, na madaktari na wauguzi wale nawaombea dua kila siku. Uhai wa mwanangu ni kazi yao.

Nilikuwa nimenyamaza. Juzi mdogo wangu kanipigia simu analia, naye kalazwa na kichanga wodi ileile. Mtoto katolewa damu mara ya tatu ndani ya siku mbili, kipimo kilekile, eti majibu ya kwanza hayaonekani. Kila mara analipia upya. Alipomuuliza nesi ni shilingi ngapi, kajibiwa: "Sijui dada, ulizia dirishani."

Nami nilijibiwa hivyohivyo. Sidhani ni jeuri. Nadhani kweli hawajui, maana bei ziko kwa mhasibu na kalamu iko kwa daktari. Wa usiku anaandika dawa, wa asubuhi anabadilisha, tuliyokwisha kuinunua inabaki. Hakuna anayejumlisha mpaka siku ya kuruhusiwa. Hesabu yangu ilifika shilingi 870,000. Cherehani iliyokuwa ikinilisha nimeuza, na kikoba bado kinamdai mume wangu.

Hata joto la kifua changu, lisilo na bei, niliambiwa nianze kumpa mtoto siku ya 12. Njia hiyo ya kangaroo, ya kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa kuwa mashine za joto hazikutosha, na Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linashauri ianze mara tu mtoto anapozaliwa. Siku zile zote alikuwa kwenye mashine, mimi nimekaa kwenye benchi nje.

Mheshimiwa, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bila malipo. Wewe mwenyewe ulitukumbusha ulipokuja wodini tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani. Tulikupigia makofi watoto wakiwa vifuani. Ukasema kama kuna kitu cha kulipia, bei yake itabandikwa ukutani kila mtu aione. Nimetoka Desemba, ukuta mtupu. Mdogo wangu anasema mpaka leo ni mtupu.

Siombi mtoto yeyote anyimwe dawa wala oksijeni kwa sababu ya bei. Naomba anayeandika ajue anachoandika kinamgharimu nani, kiasi gani. Bei zikae mezani pake, na kila asubuhi mzazi aambiwe deni limefika wapi. Ukishindwa hayo yote, basi ile karatasi uliyoahidi. Ibandikwe wiki hii, Mheshimiwa. Mdogo wangu bado yuko wodini, na ameambiwa kesho damu inachukuliwa tena.

Mama wa njiti