Aliniambia nilipunguze, sasa analiita mzoga

Shangazi, assalaam alaykum na shikamoo.

Alfajiri ishaadhiniwa na mimi jicho halijafumba. Mke wangu kalala chumba cha watoto, ana ghadhabu na mimi, na mimi nina ghadhabu na ami yake, na chanzo cha yote haya ni bampa la gari. Usije ukaona ni jambo dogo. Mimi ni dereva, nabeba wageni, kila mwezi gari inataka kitu, na ningekuwa mtu wa kugombania plastiki ningeshagombana na nusu ya mji. Hili si la plastiki. Ni la yale maneno aliyonambia mbele za watu.

Gari yangu ni Noah ya 2003. Niligongwa mbele kule Kinyasini, aliyenigonga hana kitu, nimemsamehe, yamekwisha. Lakini hoteli ninazopeleka wageni Nungwi hazitaki kuona gari ina bampa lililofungwa kamba. Nikaenda kwa ami. Maduka ya spea yako tele, na bei pengine ningepata nafuu kwengine. Nilikwenda kwake kwa heshima. Baba yake mke wangu alifariki mtoto angali mdogo, na ami ndiye aliyekuwa walii, mkono wake ndio nilioushika siku ya ndoa. Mtu kama huyo utaanza kumhoji dukani kwake? Utamwambia ngoja kwanza nikalipime?

Nikamwambia nataka bampa la mbele la Noah. Hakuniuliza ya mwaka gani, wala hakutaka namba ya chasisi. Akaliteremsha kutoka juu, jipya, akasema hili kopi lakini kopi nzuri, linaingia lenyewe. Shilingi 380,000. Nikamhesabia zote, sikuomba hata punguzo. Risiti hakuandika na mimi sikudai, maana nani atamdai risiti walii wa mkewe?

Nililipeleka moja kwa moja kwa fundi rangi, na hapa ndipo kila mtu anaponishikia, kwa hivyo nataka nieleze vizuri. Wanasema bampa la kopi hupachikwa kwenye gari kwanza, likikaa ndiyo lipigwe rangi. Nishasikia. Lakini gari yangu ni nyeupe ya lulu, rangi ambayo hupigwa tabaka kwa tabaka, nyeupe chini, lulu juu yake, kisha vanishi, na kila tabaka lina kusubiri kwake. Fundi rangi alikuwa na nafasi wakati ule, wageni wangu walikuwa njiani, na mwenye duka kashasema linaingia lenyewe. Nilimwamini. Kumwamini mkwe wako nako kumekuwa uzembe?

Fundi bodi alipolipachika, kulia likakaa, kushoto likaacha mwanya na fenda, kidole kinapita. Ukilisukuma lizibe kushoto, kulia linachomoka kwenye klipu. Juu linagusa boneti, boneti haifungi mpaka uipige. Tundu za taa za ukungu hazitazamani na taa zenyewe. Masikio ya kufungia bolti yako pembeni kabisa ya pale yanapotakiwa yawe.

Nikampelekea ami picha kwenye simu. Akanijibu kwa sauti, na sauti hiyo ninayo mpaka leo, sijaifuta. Anasema: "Mwanangu, kopi zote ndivyo zilivyo, mwambie fundi apunguze kidogo masikio, alitie moto, litakaa." Basi tukapunguza. Fundi kachukua grenda, kakata masikio, katanua tundu, kalipasha moto alivute. Halikukaa. Likazidi kupinda na rangi ikapasuka ukingoni. Sasa niambie wewe, mtu kafanya aliloagizwa na mwenye mali, lawama yake inatoka wapi?

Na si hilo tu. Fundi mwengine, mtu mzima, kazi yake ni hizi Noah tu, alilitazama hata hajaligusa akasema hili si la gari hii. Noah za umbo hili zilianza 2001, na mwaka 2004 Toyota wakazibadilisha uso, taa, grili na bampa. Yangu ni ya kabla, bampa nililouziwa ni la zile za baada. Kwa hivyo hata lingekatwa na fundi wa kiwandani lisingekaa. Aibu, yaani kasoro, ilikuwamo tangu liko dukani, grenda haijaliona. Hili ndilo nililotaka kumweleza ami, kwa utaratibu, tukae nyuma ya duka, watu wawili tu.

Hakunipa nafasi. Nilipoingia kulikuwa na wateja, hamali wanashusha mzigo, na kijana mmoja wa mtaani kwetu. Akalifunua, akapitisha kidole pale palipokatwa, akasema kwa sauti ya juu: "Mkwe, mimi nilikuuzia bampa, weye waniletea mzoga?" Watu wakacheka. Nikamkumbusha ile sauti yake. Akasema, "Nilisema kidogo, sikusema ulichinje." Wakacheka tena. Kisha akanionesha kibao ukutani, mali ikishauzwa hairudi. Kibao nakijua, kila duka kipo, na najua kuwa kitu kilichokatwa na kutobolewa na kupigwa rangi hakiwezi kuuzwa tena kwa mtu mwengine. Mimi si mtoto. Lakini mzoga? Mimi ndiye wa kubeba mzoga mjini? Yule kijana alishafika mtaani kabla yangu, na jioni pale barazani mtu kaniuliza, eti mzoga umeshauzika.

Nimekwenda kwa ustadhi wetu baada ya sala ya isha. Akanambia kwenye fiqhi yetu ya Kishafi mlango huo upo, khiyari ya aibu. Ukikuta kitu kina aibu iliyokuwapo tangu kwa muuzaji, una haki ya kuregesha. Ikiwa na weye umekitia aibu nyengine, huwezi tena kumlazimisha akipokee. Mnakaa mnaelewana, ama akipokee na weye ulipe ulichoharibu, ama ubaki nacho na yeye akufidie ile aibu ya mwanzo. Ila kuna vitu aibu yake haijulikani mpaka uvivunje, na mfano mmoja wanaoutoa wanavyuoni ni nazi. Ukiivunja ukaikuta mbovu unairegesha na huna unalolipa. Shangazi, niliposikia nazi nilitaka kumbusu mkono. Si ndiyo kesi yangu hasa? Ustadhi akaongeza kuwa sharti pasiwe na njia ya kuijua aibu kwa kuvunja kidogo kuliko ulivyovunja, akaniuliza kama ule mwanya haukuonekana kabla ya grenda. Nikamwambia ulionekana, lakini dawa ya mwanya kaitaja ami mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema nendeni mkaelewane. Kwa nilivyofahamu mimi, haki iko kwangu.

Madereva wenzangu wananambia niende Tume ya Ushindani Halali wa Biashara nikalalamike, kuna sheria ya kumlinda mtumiaji. Nimefikiri. Lakini nitajaza jina la nani pale? Nimshitaki mtu aliyeniozesha? Watoto wangu wanamwita babu. Na risiti sina. Nilichonacho ni sauti.

Pesa sizitaki, naapa. Juzi kamtuma kijana na bahasha, shilingi 200,000 ndani, hakuna neno, hakuna hata salamu. Nikairegesha vilevile, sikuitoa hata noti. Mke wangu ndipo alipokasirika. Ananambia ami yake ndiye aliyemsomesha skuli, kila siku ya Sikukuu nguo zake zilitoka kwake, na kuleta ile bahasha ndiko kuomba msamaha kwa mtu mkubwa, nilitaka apige magoti? Mimi namwambia sikutaka magoti, nilitaka aseme mbele za watu kama alivyosema mbele za watu. Halafu, tukihesabu, 200,000 ni ya nini? Bampa 380,000, rangi nimelipa, fundi nimelipa, na wageni wa wiki ile wamechukuliwa na mwenzangu mwenye Alphard. Kama anataka kulipa alipe yote. Kama hataki basi asilipe kitu, lakini asinitumie nusu kama sadaka.

Usifikiri namchukia. Alipolazwa mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa nampeleka Mnazi Mmoja na kumrejesha, na sikumwambia mafuta ni kiasi gani. Na sisemi ili nimsimange. Nasema ujue kuwa mtu aliyeniita mbeba mzoga ni mtu niliyembeba yeye.

Ijumaa hii kuna hitma ya marehemu baba mkwe. Ukoo wote utakuwapo, wa mjini na wa shamba, na maneno ya dukani yameshawafikia, najua, maana shemeji yangu mmoja kashanipigia akacheka kwanza kabla ya kunisalimia. Ami atakaa mbele kama kawaida yake. Mimi nimekusudia baada ya dua, watu wakiwa bado wamekaa, niifungue ile sauti kwenye simu. Sitasema kitu. Waisikie wenyewe, apunguze kidogo masikio, alitie moto, litakaa. Mke wangu anasema nikifanya hivyo anachukua watoto anabaki kwao hapo hapo, asirudi na mimi. Sijui kama anatisha au anasema kweli. Tumekaa naye vizuri miaka yote hii, sijapata kumsikia akisema hivyo.

Au nisiende hitma? Nisipokwenda watasema nimeona haya, yaani mzoga ni wangu kweli. Nikienda kimya nitakaa mbele yake namtazama huku amekula pesa yangu na jina langu. Nikiifungua sauti, haki yangu itaonekana, na ndani ya nyumba yangu sijui kitakachobaki. Kuna wakati usiku huu niliishika simu niifute kabisa nipumzike, kisha nikaituma kwa rafiki yangu aniwekee, isije ikapotea.

Nijibu kabla ya Ijumaa, Shangazi, niifungue au nisiifungue. Na nakuomba usinambie nisamehe tu, maana hilo nishaambiwa na kila mtu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa dukani siku ile.

Msomaji wako,
Unguja