Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliojifunza Kulala

Ndugu wanachama wa chama chetu cha triathlon, mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, salaam.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, mimi sizigusi. Langu leo ni miili yetu.

Katika mkutano wa mwaka jana nilisimama hapa nikajisifu kwamba hatukukosa hata asubuhi moja barabarani. Nayameza maneno yale. Tulikuwa tunakimbia kwa nguvu Jumatatu, Jumanne tunarudia, Jumatano tunaongeza, na Jumamosi tunaamka saa tisa usiku kuiwahi barabara ya Kigamboni kabla ya malori. Tulichovuna mnakijua: magoti, mafua yasiyoisha, na wenzetu wawili walioziweka baiskeli zao sokoni. Januari kamati ikakata shauri: mazoezi mengi yawe mepesi, makali yasizidi mara mbili kwa wiki, na Ijumaa ni kupumzika, hakuna mjadala.

Wepesi haupimwi kwa saa ya bei mbaya. Kama unakimbia huku unamsimulia mwenzako mechi ya jana, uko sawa. Ukianza kujibu "mm" na "ee", umezidisha. Wengi waliona haya mwanzoni, maana kwa mwendo ule hata muuza madafu na baiskeli yake anakupita. Lakini masafa kamili, yaani kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha kukimbia 42.2, si kazi ya kushindana na muuza madafu. Mazoezi huchana nyuzi za misuli na kumaliza akiba ya sukari. Kuziunga na kuijaza hufanyika baadaye, ukishakula na kulala.

Vijana wameomba chama kinunue kipimo cha lakteti, ile inayopanda katika damu mazoezi yakiwa makali, kwa kuwa wanatriathlon Kristian Blummenfelt na Gustav Iden wa Norway hujitoboa na kupima damu katikati ya mazoezi. Ni kweli, na Blummenfelt ana dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, Iden alishinda ubingwa wa dunia wa Ironman kule Kona, Hawaii, mwaka 2022. Kamati imekataa. Wale wanajitoboa ili wasizidishe. Sisi tunajua tunazidisha bila hata kutobolewa.

Sasa lile la Machi, ambalo mwenyewe ameniruhusu nilisimulie bila kumtaja. Safari ndefu ya baiskeli, kaskazi inaishia, jasho halikauki mwilini. Mwenzetu aliogopa kuishiwa maji, akawa anakunywa kila alipoona duka. Baada ya saa nne njiani kichwa kikamuuma, akatapika, na mtu akaona pete yake ya ndoa imezama katika kidole kilichovimba. Sote, na mimi wa kwanza, tukawa tunamsukumia chupa: kunywa, kunywa. Kumbe maji ndiyo yaliyozidi na chumvi ya damu imeshuka, hali inayoweza kuua. Daktari mmoja kati yetu alizinyang'anya chupa, akampeleka hospitali. Alipona. Tangu siku ile kuna mizani ya bafuni kwenye buti la gari la kusindikiza. Unapimwa kabla na baada. Kupungua kidogo ni kawaida, lakini ukirudi umeongezeka uzito, utanisikia.

Kuhusu kula njiani, lengo letu ni gramu 60 za wanga kwa saa. Aliyelizoesha tumbo anaweza kufika 90, akichanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi. Ndizi ya wastani ina kama gramu 25, kwa hiyo wale wa ndizi mbili kwa safari nzima tumeelewa kwa nini walikuwa wanazimika.

Dada zetu, hili limesemwa pembeni, nalisema hadharani: kukosa hedhi kwa sababu ya mazoezi si dalili ya ukakamavu. Mwili unalalamika kwamba haulishwi vya kutosha. Wanaume nao hupungukiwa chakula, ila wao hawana kalenda ya kuwashtua.

Wanne wetu walikwenda Rubavu, Rwanda, kwenye nusu ya masafa: kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, 90 za baiskeli na 21.1 za miguu. Watu wa usawa wa bahari kwenye mita zaidi ya 1,400, na vilima juu yake. Wote walimaliza. Aliyetangulia ndiye aliyefanya mazoezi machache kuliko wote katika wiki mbili za mwisho, na nilimgombeza kwa uvivu. Namwomba radhi mbele yenu.

Kuogelea baharini kumelegalega. Kusi ilipoanza tukahamia bwawani, na wengine hawajaonekana tena majini. Ratiba mpya itafuata kupwa na kujaa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tutakaa nchi kavu mpaka tupate mashua ya kusindikiza, na mchango wake ni ajenda ya nne.

Pampu kubwa ya chama haionekani tangu Juni. Aliyenayo aiache kwa mlinzi, hataulizwa kitu.