Risala ya Vijana Waandishi wa Habari za Afya kwa Mgeni wa Heshima, Kayole, Nairobi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, chifu wetu, wazee wa mtaa, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, wazazi na wageni wote, itifaki ikizingatiwa, hamjambo.

Daktari, kwa niaba ya wenzangu kumi na mmoja nakushukuru kwa kufika hapa Kayole, hasa ikiwa umetoka zamu ya usiku. Tumekualika kwa sababu tuna kazi ambayo imefika mahali hatuwezi kuiendeleza bila mtu wa taaluma yako, na tungependa uijue kama ilivyo, pamoja na makosa yake.

Tulianza mwishoni mwa 2022, kipindupindu kilipozuka nchini mwezi wa Oktoba. Siku zile kila simu mtaani ilikuwa na ushauri. Ujumbe mmoja uliozunguka sana kwenye makundi ya wazazi ulisema mtoto anayeharisha asipewe maji, eti yanamwongezea kuhara. Maji ndiyo yanayomwokoa mtoto huyo. Tukakubaliana watu wanne kuandika habari sahihi kwa Kiswahili cha hapa, kisomeke hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kisile bando.

Wiki ya pili tulifanya kosa ambalo hatujalisahau. Tulieleza jinsi ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani kwa mtu aliyekosa pakiti ya ORS, ule unga unaochanganywa na maji kumpa anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Hesabu ilikuwa sawa, ila hatukusema ni kijiko kipi. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na steji alitusomea maneno yetu kwa sauti, kisha akanyoosha mkono akachukua kijiko kikubwa, kile cha kulia wali. Kwake hicho ndicho kijiko, na kile kidogo hukitaja kwa jina lake kamili, kijiko cha chai. Kijiko cha mezani hubeba mara tatu ya cha chai. Sukari nyingi kiasi hicho huzidisha kuhara, na chumvi ikizidi mwilini mwa mtoto inaweza kumletea degedege. Habari ile ilikuwa imekaa mtandaoni siku nne.

Tuliirekebisha usiku uleule, na juu ya ukurasa tukaandika tulichokosea na tarehe ya kukirekebisha. Sasa inasema: vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ndani ya maji safi yanayojaza chupa mbili za nusu lita. Tumeongeza pia kwamba mwenye pakiti asome maandishi yake kabla ya kupima maji, kwa kuwa kuna pakiti za nusu lita na za lita moja, na kwamba mtoto apelekwe kituo cha afya upesi akilegea au akishindwa kunywa. Tangu siku hiyo, hakuna ukurasa unaotoka kabla mtu ambaye hakuuandika hajausoma kwa sauti akifanya kwa mikono yake kile unachoelekeza.

Lugha nayo ilitufundisha. Tulipoandika kuhusu shinikizo la damu, mzee mmoja alituuliza kama huo ni ugonjwa mpya. Tukabadilisha tukaandika presha, neno analolijua. Hapo tukakuta tatizo jingine: mtaani, presha ni ugonjwa na presha pia ni wasiwasi. Wengi huamini inapanda ukikasirika na kuisha ukitulia, kwa hiyo humeza dawa siku kichwa kinapouma tu. Ikabidi tueleze pole pole kwamba mtu anaweza kupimwa akakutwa na 140 kwa 90 au zaidi, akapimwa siku nyingine akakutwa vilevile, na bado hahisi maumivu yoyote. Dawa ni ya kila siku kama alivyoandikiwa, hata siku anayojisikia mzima. Sentensi hizo chache zilituchukua wiki mbili, na naamini hatujaandika kitu chenye maana zaidi.

Daktari, kuna mtu atauliza msomaji atatuaminije sisi tusio na koti jeupe. Ni swali la haki. Shirika moja la Geneva, Health On the Net, liliwahi kuweka kanuni nane kwa tovuti za afya, na tovuti iliyozifuata ilipewa alama ya kuonyesha wasomaji. Kazi hiyo ilifungwa mwaka 2022. Kanuni zenyewe bado zina akili, nasi tumechukua zile tunazoweza kuzitimiza: mwanzoni mwa kila ukurasa tunaeleza nani ameandika, ametoa wapi habari hiyo, ilikaguliwa lini, na nani alilipia. Pale ambapo hakuna mtaalamu aliyeikagua, tunasema wazi kwamba hakuna. Kwa sasa kurasa nyingi zina maneno hayo, na yanatuuma.

Tarehe na chanzo si mapambo. Mwaka jana ulipita ujumbe wa sauti kwamba chanjo ya surua inaleta usonji, yaani autism. Tuliufuatilia jioni tatu hadi mzizi wake: makala ya daktari wa Uingereza ya mwaka 1998 kuhusu watoto 12 tu, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Tafiti kubwa zilizofuata, za watoto maelfu kwa maelfu, hazikuona uhusiano huo. Tulirekodi jibu la dakika mbili, kwa sauti vilevile, tukalituma katika makundi yaleyale. Wazazi watatu walitupigia kuuliza kliniki ya chanjo inafunguliwa saa ngapi.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Muuzaji mmoja wa unga wa mitishamba alitaka kutulipa shilingi 40,000 tuandike kwamba unga wake unamaliza presha. Mwezi huo tulikuwa tumekosa hata pesa za bando. Tulikataa, na tutakataa tena.

Maombi yetu ni matatu. Kwanza, tupatie mtaalamu mmoja, daktari, muuguzi au mfamasia, atakayetupa saa mbili kwa wiki kukagua tunachoandika na kukubali jina lake liwekwe pale. Pili, utusaidie kukutana na ofisi ya afya ya kaunti, ili kukiwa na mlipuko tupate maelezo mapema badala ya kukimbizana na uvumi. Tatu, wahudumu wa afya ya jamii waliokaa hapa mbele, ambao huingia nyumba kwa nyumba na mikoba yao, waruhusiwe kutuletea maswali wanayoulizwa, bila majina ya wagonjwa. Wao ndio wanaojua watu wanaogopa nini.

Mezani mbele yako, Daktari, tumeweka ukurasa mpya kuhusu kisukari wakati wa ujauzito. Haujatoka. Aya ya nne tumeiandika mara tano na bado hatuna uhakika nayo. Kando yake kuna kalamu nyekundu.

Asante sana, na karibu Kayole.

Ni sisi, vijana waandishi wa habari za afya.